Pikipiki ya Noordin Inavuta Kulia

Migori, 6 Februari 2025

Kwa Mama Fardowsa,

Salamu nyingi kutoka huku. Pole sana kwa msiba wa Mzee Noordin, Mungu ampumzishe pema. Mgongo na magoti yanaendeleaje? Fardowsa alisema yanakusumbua wakati wa baridi. Sisi tuko salama, ila mafua ya mtoto yamekataa kwenda kwao.

Hunijui. Naitwa Nyatichi, Mama Moraa. Nauza nguo za watoto wachanga, Kosele na Kendu Bay, na siku zingine hapa Migori nje ya duka la binti yako. Yeye ndiye ameniambia uko edani, na kwamba simu umemwachia mwanao Ahmednur ili madalali wasikusumbue. Ndiyo maana naandika, na barua itakuja na mzigo wake wa vitambaa.

Nimesikia ile pikipiki kubwa ya Mzee inauzwa. Naijua. Nilikuwa nikimwona akipita nayo Rongo, ya kijani kilichokolea, kioo cha kukinga upepo mbele, masanduku mawili pembeni, kiti kipana kama kochi. Boda zote zinaruka kwenye mashimo, yeye anapita kama mtu aliyekaa sebuleni kwake anasubiri chai.

Nikueleze kwa nini naitaka. Nilijifungua kwa upasuaji na mgongo wangu haupendi tena kiti cha boda. Magari ya jioni hayaondoki mpaka yajae. Natoka Moraa amelala, narudi Moraa amelala. Baba yake yuko kazini Mombasa, kwa hivyo anashinda na jirani yangu Lynnet. Wiki iliyopita nilimsikia anamwita Lynnet mama. Mimi aliniangalia kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima.

Kuendesha najua, kaka yangu Bonface alinifundisha. Ukinikubalia nije kuiona, naomba isiwashwe kabla sijafika. Nataka kuigusa injini ikiwa baridi, nione kama itawaka bila kubembelezwa.

Ni mimi,
Mama Moraa


Homa Bay, 13 Februari 2025

Mama Moraa,

Assalaam aleikum. Magoti yapo, alhamdulillah, yananikumbusha umri. Huyo mtoto mpake mafuta ya karafuu kifuani na umfunge kitambaa cha pamba.

Wamekuja wanaume wengi. Ahmednur anawaleta uani, na mimi kwa kuwa niko edani sitoki mbele yao, nawasikiliza nyuma ya pazia. Mmoja alipiga tairi teke. Mwingine aliuliza itabeba magunia mangapi ya mkaa. Wote nimewakataa kwa kukohoa. Ahmednur anakijua kikohozi changu.

Wewe ni mwanamke, tutakaa chumba kimoja tuongee. Njoo siku yoyote isipokuwa Sabato yako, Fardowsa ameniambia unaishika. Mume wangu aliiwasha kila Ijumaa akitoka msikitini, hata kama hana safari, akainamisha kichwa na kuisikiliza kama daktari. Sasa naiwasha mimi. Sijui ninachosikiliza, lakini nainamisha kichwa.

Masharti ni mawili. Isifanywe boda. Na hicho kiti kisikatwe.

Mama Fardowsa


Migori, 10 Machi 2025

Mama yangu,

Ramadhani njema. Umefungaje, na jua hili? Hapa tu wazima, mafua yamehama, mafuta ya karafuu yamefanya kazi.

Bado nakumbuka siku ile nilipokuja kwako kuinunua. Niliigusa injini, ilikuwa baridi kama mtungi wa maji, na ikaitika mara ya kwanza. Oili ilikuwa na rangi ya asali, mnyororo ulikuwa msafi kiasi kwamba niliona haya kwa viatu vyangu. Vitu vya marehemu mara nyingi huwa na huzuni, lakini hii ilionekana kama imelala tu mchana. Na hapo mlangoni ukaniambia, "Shika usukani kama unavyoshika mtoto aliyelala. Ukimbana, ataamka."

Nimefanya hivyo. Mgongo wima, magoti yamekumbatia tangi, mikono laini. Jana nilitoka Kendu Bay mvua ikiwa inatoka ziwani, na mvua ikafika kwenye kile kioo ikagawanyika, huku nusu na huku nusu, nami niko katikati nimekauka. Mashimo nilikuwa nayasikia kwa mbali tu, kama yanatokea barabara nyingine. Kuna mahali milima ilikuwa inaogelea kwenye ukungu na sikujua tena kama naenda mimi au ni vilima ndivyo vinavyonipita kwenda sokoni. Mama, tangu nizae sijawahi kukaa mahali mwili wangu ukanyamaza hivyo.

Nilifika jua bado liko. Moraa aliposikia mngurumo alijificha nyuma ya sketi ya Lynnet. Atazoea.

Bega la kushoto linauma kidogo. Nadhani ni uchovu.

Mama Moraa


Migori, 24 Machi 2025

Kwa Mama Fardowsa,

Salamu. Natumaini mnaendelea vyema na mfungo.

Nakuheshimu, kwa hivyo sitazunguka. Pikipiki inavuta kulia. Nikiwa Kosele naona ni upepo, nikifika Rongo najua si upepo. Bega limevimba kwa kuizuia. Naenda polepole, na jioni namkuta Moraa amelala tena, kama zamani.

Fundi wangu Werema ameizunguka akaipigia mluzi. Anasema hii ilianguka vibaya siku moja, chasisi imepinda, ikafichwa kwa rangi. Nilimwambia mama niliyemwona mimi hawezi kuficha. Akacheka. Akasema wajane wa wafanyabiashara ni wafanyabiashara.

Hiyo ilinichoma. Sasa naomba unijibu wewe. Ilianguka? Kama ilianguka sema tu, nitaumia kisha nitatengeneza. Jumatatu ijayo Werema anakuja na gesi kuipasha moto chasisi ainyooshe. Anasema kiti na masanduku yatang'olewa kwanza, na kiti huenda kisirudi vile kilivyokuwa. Nilikuahidi sitakikata. Lakini mtoto wangu pia nilimwahidi kwamba nitarudi kabla hajalala.

Mnunuzi wako,
Nyatichi


Homa Bay, 2 Aprili 2025

Nyatichi,

Assalaam aleikum. Idi imepita, tumekula, tumelia kidogo. Vipi mtoto? Vipi hilo bega?

Barua yako nimeipata leo. Fardowsa alifunga duka kwa ajili ya Idi na ikalala humo ndani ya mzigo. Jumatatu imeshapita. Kama fundi wako ameshapiga nyundo, tumechelewa sote wawili.

Haijaanguka hata siku moja.

Kwetu mwanamke aliyevaa buibui hakai pikipiki kama mwanamume. Nilikaa upande, miguu yote miwili kushoto, mkono wangu kwenye mkanda wake. Miaka yote. Harusi za kisiwani Mfangano, tukiiacha bandarini na kuvuka. Samaki wa Kendu Bay. Kule Kosele kuna mama wa chai ambaye alikuwa akituona kwa mbali anaweka sufuria. Mimi si mwembamba, umeniona. Kwa hivyo pikipiki ikawa inalalia kushoto. Noordin alirudi nyumbani ameshika kiuno. Mtu mwingine angesema kaa vizuri, au kaa nyumbani. Yeye alichukua jiwe kubwa la mizani yetu ya zamani ya duka, la chuma, akaliweka chini kabisa ya sanduku la kulia, akalikaza kwa bolti na kulifunika kwa zulia. Tulipotoka siku hiyo ilienda wima. Akageuka akaniambia, "Sasa tumekuwa sawa, Asli."

Sikukuficha, binti yangu. Nililisahau. Mimi nikiwa juu yake, hiyo pikipiki haikuwa inavuta popote.

Fungua zulia.

Mama yako


Migori, 9 Aprili 2025

Mama,

Idi njema iliyochelewa. Bega limepona. Magoti yako je?

Werema hakupiga nyundo. Jumatatu ile alikuja na mtungi wake wa gesi, na Moraa alikuwa amelala juu ya kiti. Sijui alipandaje. Alikuwa amejilaza na shavu lake limebanwa pale unapokaa wewe, mate yanatoka. Miezi yote hii sijapata kumtazama akilala mchana. Nikamwambia Werema arudi siku nyingine. Akanuna kwamba amebeba mtungi kutoka stendi. Nikamwambia basi aubebe tena mpaka stendi.

Barua yako ilipofika nilifungua zulia. Lilikuwepo. Nilimwita Werema nikamwonyesha, naye akakuna kichwa akasema kumbe mzee alikuwa na adabu. Nikamwambia na mjane wake pia, naomba ulirudishe lile neno lako. Amelirudisha. Nami naomba unisamehe kwa ile barua.

Bila jiwe inaenda kama kamba iliyovutwa. Ijumaa nilitoka Kosele mapema na jua lilikuwa halijazama, Sabato haijaingia, nilipokata kona ya kwetu. Lynnet ananisimulia kuwa Moraa alikuwa anakula. Aliacha kijiko hewani, akainamisha kichwa akasikiliza, kisha akasema, "Hiyo ni mama."

Nimeliosha jiwe nikaliweka kabatini kwenye nguo za mtoto. Niambie nikurudishie vipi.

Mwanao


Homa Bay, 20 Mei 2025

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Nimekaa na barua yako muda mrefu, utaniwia radhi. Mbusu Moraa.

Eda yangu imekwisha. Watu walikuja, nikaoga, nikavaa nguo nyingine, wakasema sasa uko huru toka utakako. Nilitoka mpaka getini. Nikasimama hapo, jua linanipiga usoni. Nilikuwa nasubiri na sikujua nasubiri nini, kisha nikagundua nasikiliza mlio. Nikarudi ndani.

Sina neno. Ziwa naliona kwa dirisha la jikoni.

Hilo jiwe usinirudishie, mizani yake haipo tena. Wape wanaonunua chuma chakavu.

Mama yako


Migori, 22 Mei 2025

Mama yangu,

Umeamkaje, na magoti? Sisi wazima wote. Moraa anakusalimia, anakuita Bibi wa Pikipiki.

Jiwe sijauza na sitauza. Leo nimeinua zulia, nimeliweka mahali pake na kulikaza mwenyewe kwa mkono wangu.

Jumapili baada ya chai ya asubuhi ukisikia mlio getini, usifikiri unaota. Ni mimi. Vaa viatu vya kufunga na mtandio mzito, kule juu kuna upepo. Utakaa vile vile, miguu kushoto, na mkono kwenye mkanda wangu. Nimenunua mkanda mnene kwa ajili hiyo. Tutapita Kosele tuone kama yule mama wa chai bado anatujua kwa mbali, kisha twende mpaka Kendu Bay, polepole, kama mtu aliyeshika mtoto aliyelala.

Usiniandikie kwamba umezeeka, au watu watasema nini. Barua yako haitanikuta. Mimi nitakuwa barabarani, inanivuta kulia, nimeegemea kushoto njia yote kutoka Migori mpaka kwako.

Tutaondoka hapo wima.

Mwanao