Siku Niliyoshushwa Mkarafuuni

Mjukuu wangu Rukia,

Asalaam alaykum. Huku Shumba tu wazima. Goti la bibi yako limepoa, na dada yako kajifungua mtoto wa kike.

Waniuliza kama ubadilishe namba ya simu, maana shoga uliyemdhamini mkopo katoweka na wadai wanakutisha wewe. Mimi, mjukuu wangu, yaliponifika hayo nilipanda juu ya mkarafuu.

Ilikuwa kabla ya mapinduzi. Nilimtilia dole gumba rafiki yangu Makame, kumdhamini, kwenye karatasi ya mkopo wa dukani, naye akavuka kwenda Tanga, asirudi. Mtu wa mwenye duka akaja kunisaka mimi. Nikajificha juu ya mti, nikamwomba mama aseme nimekwenda Kiuyu. Siku mbili alisema hivyo. Siku ya tatu yule mtu akaugonga mlango kwa fimbo.

"Asipoonekana leo, bibi, nakichukua kitanda unacholalia!"

Nililikumbatia tawi, jasho likinitiririka. Mama alikuwa amefunga sunna. Akasema, "Yuko juu ya mkarafuu ule."

Nilishuka. "Twende kwa sheha," nikamwambia, "karatasi isomwe." Hapo sauti ya yule mtu ikapungua. Sheha, mkubwa wa kijiji, alipokwisha kuisoma, haikutaja kitanda wala mama. Ilitutaja mimi na Makame tu. Nililipa kwa karafuu, misimu miwili.

Magharibi ya siku ile nilimuuliza mama kwa nini kanifichua. Akamaliza tende yake kwanza.

"Dole ulitia wewe, mwanangu. Ulimi wangu usiuweke dhamana."

Babu yako,
Khamis