Mvinyo Juu ya Tanuri

3 Juni

Kaka,

Pokea salamu zangu, na za shemeji yako anayelalamika mgongo kama kawaida yake. Wifi hajambo? Watoto je?

Dereva wa lori la ngano amekubali kukuletea chupa hii. Ndio mvinyo mweupe wa kwanza niliotengeneza peke yangu tangu Baba atuache, kwa zabibu za uani, ndani ya chumba chake cha chini. Ushike kwenye mwanga uone unavyong'aa.

Siku tulipogawana vyombo ulisema chumba ni chetu sote, na kama sina kazi nacho ya maana utampangisha muuza matairi. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Onja, kisha mwambie atafute kwingine. Na mlango ule mfupi utamshinda. Wewe mwenyewe ulijigonga paji la uso ukaapa hutaingia tena, na kweli hukuingia, hata Baba alipokuwa anaumwa.

Mdogo wako

19 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, sote wazima. Mpe shemeji pole ya mgongo.

Umeniaibisha. Nilialika wateja wangu wawili wakubwa wa mikate, nikajigamba, nikamimina. Kaka yako nikabaki nimeshika glasi ya maji ya kuoshea mchele! Wifi yako akauliza, "Hii dawa ni ya kunywa au ya kusukutulia?" Wageni wakacheka hadi wakashika mbavu.

Usiniambie nimeutunza vibaya. Niliuweka mahali pakavu kuliko pote kwenye kiwanda changu, rafu ya juu ya tanuri, ninapoumulia unga. Mimi hamira naijua tangu kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu, na hiyo ni hamira imejaa humo.

Fundi anakuja tarehe mosi Septemba kuvunja mlango aupanue ili matairi yapite. Ondoa mitungi yako.

Kaka yako mkubwa

27 Juni

Kaka,

Natumaini mu wazima. Mimi nilikuwa mzima mpaka nilipofika kwenye neno "tanuri".

Kwanza nilikutukana, shemeji yako ni shahidi. Kisha nikawasha jiko. Nilichukua chupa mbili za mtungi uleule uliotoa ya kwako, zote zinang'aa. Moja nikaiacha chumbani kwenye baridi. Nyingine nikaiweka kwenye sufuria ya maji ya moto, yasiyochemka, kwa muda wa saa mbili, nikaiacha ipoe. Ikatoka na ukungu, maji ya mchele kabisa, umesema kweli. Ile ya kwenye baridi inang'aa mpaka sasa.

Kwa hiyo si hamira. Hamira ingetua chini yenyewe, hata wewe unajua. Zabibu nyeupe zina kitu mfano wa ute wa yai. Kwenye baridi hukioni, ukikipasha joto kinaganda. Tanuri lako halikuharibu mvinyo, lilitoa siri yake tu. Hapo sikulaumu.

Nakulaumu kwa hilo la mlango. Baba alipokuwa hawezi kuinuka, nani aliyeshuka chini kuhamisha mvinyo kwa mpira wa maji kutoka mtungi hadi mtungi, akiacha mashapo chini? Wewe ulikuwa unatuma salamu.

Siondoi hata mtungi mmoja. Mwezi wa nane utapata chupa nyingine. Iweke palepale juu ya tanuri.

Mdogo wako

8 Julai

Mdogo wangu,

Hatujambo.

Chupa lete, mlango utapanuliwa. Nimeshampa mtu neno langu.

Kaka yako

17 Agosti

Kaka,

Salamu kwa wifi na watoto. Wewe zako utazikuta kwenye chupa.

Dawa ya ule ute ni unga wa udongo wanaouita bentonaiti. Mara ya kwanza niliumwaga mkavu ndani ya mtungi kwa hasira zangu, ukawa madonge, ukakaa pale unanitazama. Shemeji yako akasema, "Mke wangu, mwachie mwenzio matairi yake." Nikamwambia akalaze mgongo.

Mara ya pili niliuloweka kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, nikaukoroga mpaka ukawa laini kama rangi ya ukuta. Nikajaza chupa ndogo nne mvinyo. Ya kwanza sikuitia kitu, ya pili nusu gramu kwa lita, ya tatu gramu moja, ya nne mbili. Udongo ulipotua nikazipitisha zote kwenye maji ya moto. Ya kwanza ukungu, ya pili ukungu kidogo. Ya tatu na ya nne safi. Lakini ile ya gramu mbili nilipoionja ilikuwa imepoteza harufu yote ya zabibu, kama maji ya bomba. Basi mitungi yote nimeitia gramu moja kwa lita, wala sikuzidisha chembe.

Iweke juu ya tanuri. Wala usilipoze kwa ajili yangu.

Na fundi wako akija atanikuta mlangoni nimekaa kwenye kiti cha Baba. Aje na patasi ya kuning'oa mimi kwanza.

Mdogo wako

30 Agosti

Mdogo wangu,

Sote wazima, na natumaini hujaota mizizi kwenye hicho kiti.

Chupa ilikaa juu ya tanuri tangu ilipofika. Sikulipoza. Ukitaka kujua, nilichochea. Kila alfajiri niliishika kwenye taa kutafuta ukungu. Jana wifi yako alichoka kunitazama, akaifungua bila ruhusa, akaweka gazeti nyuma ya glasi na kunisomea bei ya ngano kupitia humo. Kisha akanywa nusu chupa.

Fundi nimemzuia. Muuza matairi amekasirika, atapoa.

Sasa sikiliza. Binti yangu anaolewa Desemba. Nitumie chupa arobaini kwa lori, nitawaambia wageni zimetoka nyumbani kwetu.

Kaka

9 Septemba

Kaka,

Hongera kwa binti yetu. Mgongo wa shemeji yako umepona ghafla aliposikia arusi.

Chupa arobaini zipo, nimezifunga, zimepangwa ukutani chumba cha chini, upande wa kushoto ukiingia. Kwenye lori hazipandi. Njoo uzichukue mwenyewe, kwa mikono yako, na wageni utawaambia zimetoka kwa mdogo wako.

Mlango haujaguswa. Nimeupima leo, una urefu wa sentimita mia na sitini na mbili. Wewe Baba alikupima kwenye ukuta wa jikoni, alama bado ipo, mia na themanini na moja.

Zinabaki kumi na tisa, Kaka. Hizo utaziinama.

Mdogo wako