Eti Nilikulia Ng'ambo

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Daktari Nyasani, mkuu wetu wa kozi ya Kiingereza, anataka kila mwalimu aandike nusu ukurasa: katoka wapi, Kiingereza alikipatia wapi. Karatasi hizo zitabandikwa ubaoni kabla ya wageni wa Nairobi kuja kutukagua Alhamisi ya wiki ijayo. Wakiridhika, kozi inaendelea. Wasiporidhika, tutafute pa kwenda.

Nimeandika ukweli. Duka la baba pale Mosocho. Siku za soko wakulima wanakuja na karatasi zao – barua za hospitali, fomu za shule, maelezo ya dawa za mifugo – na mimi, mtoto wa darasa la sita, nasoma Kiingereza, naeleza kwa Ekegusii, kamusi iko juu ya gunia la chumvi. Siku moja nilikosea kipimo cha dawa, ng'ombe wa watu nusura afe. Tangu hapo sijasoma neno bila kuhakikisha. Halafu Muscat, miaka miwili, yaya katika nyumba ya watu. Halafu chuo cha ualimu, halafu digrii. Miaka kumi na moja darasani. Sikuona la kuficha.

Jumatano, 10 Septemba

Karatasi zimebandikwa. Yangu nimeisoma mara tatu.

"Madam Janat alikulia ng'ambo, katika familia inayozungumza Kiingereza nyumbani."

Ng'ambo gani! Mama yangu akisalimiwa kwa Kiingereza huita mtu aje amjibie.

Mwalimu mwenzangu mzee Ombui wa Sironga naye, miaka thelathini akifundisha darasa la kwanza kusoma, wamemfanya "mtafiti wa lugha". Yeye anacheka tu. Aaa, Janat, mimi ni mtu wa kustaafu, wacha waandike hata mimi ni askofu. Na yeye ni Msabato, kwao hata askofu hakuna!

Nikaenda ofisini. Nyasani hakuinua hata macho. Eti hajadanganya, kwani Muscat si ng'ambo? Eti niwe na shukrani, amenipandisha. Eti nani ataleta mtoto wake afundishwe Kiingereza na binti wa duka la Mosocho?

Alisema hivyo! Na yeye mwenyewe ni wa Birongo, amekua akichuma majani chai. Nimetoka bila kuaga.

Ijumaa, 12 Septemba

Ile ya juzi haikuwa hasira. Hasira ni ya leo.

Nasteho, mwanafunzi wangu, amekuja kurudisha vitabu vya kozi, eti anaacha. Kwao wana duka la viatu hapa mjini, na yeye anataka uuguzi. Bila kufaulu kozi hii, chuo cha uuguzi hakimchukui. Wiki sita hajasema sentensi nzima darasani, lakini daftari lake limejaa mpaka pembeni.

Akasema, bila kuniangalia: "Madam, siku ya kwanza ulituambia ulijifunza dukani. Nikajiambia, basi hata mimi wa duka nitaweza. Kumbe wewe Kiingereza ulizaliwa nacho."

Nikamwambia ubao ndio unaodanganya.

"Sasa mbona bado uko hapo, na wewe unapita ukiuona kila siku?"

Nimemrudishia vitabu vyake, nikamsihi arudi Jumatatu. Halafu nimeenda moja kwa moja ubaoni, nikabandua karatasi yangu na kuichana mbele ya karani. Akaita jina la Yesu. Mwache aite.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemsimulia mama. Nilidhani atacheka. Akaendelea kuchambua mchele, kisha akauliza: basi duka la baba yako wamelipeleka wapi?



Jumatatu, 15 Septemba

Karatasi imerudi. Safari hii iko ndani ya kioo, na kufuli!

Nasteho naye amerudi. Kiti cha nyuma kabisa.

Alhamisi, 18 Septemba

Naandikia hapa hapa ofisi ya walimu, haraka.

Wageni walikuwa watatu. Mmoja, mama mwenye miwani, aliliuliza darasa kwa Kiingereza: mnamjua vipi mwalimu wenu? Nyasani akadakia kwamba ubaoni kuna kila kitu. Yule mama akasema ubao ameshausoma, anauliza wanafunzi.

Nasteho akasimama.

Akasema yote niliyowasimulia siku ya kwanza. Kwa Kiingereza. Duka, barua za hospitali, ng'ombe, Muscat, nyumba ya watu. Sentensi ndefu, moja baada ya nyingine, hakukwama popote. Mwisho akasema: yule wa kwenye kioo simjui, mwalimu wangu ni huyu.

Na mimi? Nilinyamaza! Siku nane nikifoka pembeni, na ilipofika saa yangu nikashika chaki tu. Nyasani akacheka, akasema huyu bado Kiingereza kinamsumbua, amechanganya mambo, twendeni tukanywe chai. Wakatoka. Mama wa miwani alinitazama mara mbili, akaandika kitu.

Dakika chache baadaye Nyasani akanirudia na barua imeshachapwa. Inasema mwanafunzi huyu hakuelewa swali, Kiingereza chake ni dhaifu, na mimi kama mwalimu wake napendekeza arudishwe ngazi ya kwanza. Wageni wanataka neno langu kwa maandishi kabla hawajaondoka. "Weka sahihi, Janat, tumalize hii maneno. Ama unataka mzee Ombui pia apoteze kazi juu yako?"

Kiingereza chake ni dhaifu! Yule! Ningeweza kumpiga kofi Nyasani. Badala yake nikasema ngoja niisome. Hiyo tu. Ngoja niisome!

Amerudi kwa wageni. Nasikia vikombe ukumbini. Barua iko mbele yangu, kalamu yake ameiacha juu yake.

Kuna mtu mlangoni. Nilidhani ni yeye. Kumbe ni Nasteho, ameshika daftari kifuani, anatabasamu hivi nisivyowahi kumwona. Nimeifunika barua kwa mkono. Ananiuliza, kwa Kiingereza, bila kutafuta maneno: madam, kuna mahali nilikosea?