Baba Yangu Hakurogwa

Mjukuu wangu Upendo,

Kamwene. Huku Makambako tu wazima, viazi vimekubali. Unauliza kama kaka yako, aliyeacha pombe, anatetemeka kwa sababu amerogwa. Hata kidogo!

Enzi za Mwingereza, kwetu Njombe, baba yangu aliacha pombe ya ulanzi ghafla, akatetemeka na kuona nyoka ukutani. Dresa wa zahanati akaniambia mwili umeizoea pombe, apunguziwe polepole. Nikampimia mwenyewe: kikombe, nusu, funda. Wazee wakaja na mganga.

“Binti, unamlevya baba yako?”

“Namponya. Hakurogwa, na humu hamwingii.”

Hawakuingia. Kufikia palizi, baba alishika jembe mikono imetulia. Alirudia ulevi mara mbili, na mara mbili nikaanza upya.

Kaka yako mlete kwangu. Sina aibu naye.

Bibi yako