Disiki Inayogonga

Buyenzi, 18 Julai 2025

Mama mpendwa,

Asalaam aleikum. Naomba ujumbe huu ukukute mzima, goti limepungua kuuma, na yule bibi unayemhudumia anakuacha upumzike mchana. Sisi huku tu wazima. Ami Shakuru anakusalimu, shangazi Houda pia.

Shule imekwisha kweli. Matokeo bado, lakini sitaki kukaa bure, kwa hiyo naunda kompyuta. Usicheke. Ami alipata kasha tupu kwenye ofisi moja ya Kinindo iliyokuwa inatupa vitu vyake, na rafiki yangu Chanelle, anayesoma mambo ya kompyuta kule Kamenge, amenitafutia vipande vingine. Imebaki disiki. Nataka kuweka ile ya marehemu baba. Kompyuta yake iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu, ila Chanelle anasema huenda disiki ilipona. Unakumbuka baba alivyokuwa anarekodi injini mbovu kwa simu ili awafundishe mafundi wa gereji, halafu anazihifadhi zote humo? Nitazisikiliza.

Mwanao,
Nura

Maskati, 25 Julai 2025

Nura mwanangu,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, goti ni lile lile. Simu napewa Ijumaa tu, unajua.

Sikucheka. Nilisoma jikoni nikasahau wali motoni. Simu yangu ilipopotea uwanja wa ndege, ilikwenda na sauti ya baba yako. Sasa ni miaka mitatu. Maneno yake nayakumbuka, sauti siisikii tena. Nitumie rekodi moja, yoyote. Hata ile ya lori la matofali, anaposema, "Sikilizeni, huyu muzee anakohoa, apana kumuongezea muzigo." Nikiipata hiyo tu, nitashiba.

Ichunge disiki hiyo kuliko kompyuta yenyewe.

Mama yako

Buyenzi, 8 Agosti 2025

Mama mpendwa,

Salaam nyingi, na pole na joto la huko. Sote hatujambo, alhamdulillahi.

Kompyuta imewaka. Shangazi Houda ameninunulia disiki ndogo, inatosha kuanzia. Ile ya baba inasumbua kidogo. Nitakuandikia.

Mwanao,
Nura

Maskati, 29 Agosti 2025

Nura,

Hujambo mwanangu? Unakula? Ijumaa tatu nafungua simu, sikuti neno lako.

Nimempigia ami yako. Alilia, Nura, mtu mzima yule, mpaka nikamwonea haya. Anasema disiki ilikuwa inagonga, akaifungua kule gereji kwake, ikafa mikononi mwake. Wewe ulikuwa kwa Chanelle, ukarudi ukakuta yamekwisha. Kama ndivyo, kosa si lako. Kwa nini basi unanikimbia?

Mama yako

Buyenzi, 5 Septemba 2025

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Mwili wangu mzima. Nimeandika ujumbe huu mara nne nikaufuta.

Sikuwa kwa Chanelle. Nilikuwa pale pale gereji, nimeshika tochi.

Tulipounganisha disiki, iligonga: tak, tak, tak. Ami akainamisha sikio kama baba alivyokuwa anafanya. Akasema, "Kitu kikigonga kinafunguliwa. Mi nafungua giabosi za malori, ntashindwa na haka kasanduku?"

Sleiman, yule fundi wake, akamchokoza: "Leo Shakuru amekuwa daktari wa kompyuta. Mutu akifa tutamushitaki."

"We nyamaza, leta spiriti."

Siku moja kabla, Chanelle alikuwa ameniambia, "Ikianza kugonga, izime, usiiguse. Ukiifungua hivi hivi, vumbi linaiua. Kuna watu wana chumba maalumu cha kazi hiyo, tutawatafuta." Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni, mama. Lakini ni ami yangu, na mafundi wake wote walikuwa wanatazama, na alikuwa anatoa zile skrubu ndogo kwa upole kama anayemvua mtoto mgonjwa nguo. Nilisema, "Ami." Akasema, "Sogeza mwanga hapa, mwanangu." Nikausogeza.

Ndani mlikuwa na bamba linalong'aa kama kioo, ndilo lililobeba rekodi zote. Akalifuta kwa kitambaa na spiriti, taratibu, mpaka akajiona uso. Akapaka gundi ya gasketi pembeni, akafunga. Tukaiunganisha tena. Haikugonga. "Mumesikia? Imenyamaza. Imepona." Wote wakafurahi, Sleiman akampa mkono.

Kwenye skrini hapakuwa na kitu. Akaniuliza, "Inaonekana wapi?" Nikamwambia bado inatafuta. Akaketi juu ya tairi akangoja, mpaka adhana ya alasiri, na mimi sikuweza kumwambia kwamba imekufa. Ni Sleiman aliyekuja kumwinua.

Chanelle aliwaandikia wale watu. Walijibu mstari mmoja: bamba likishafutwa kwa kitambaa, hakuna la kufanya.

Ami anakudanganya kwa ajili yangu. Mimi nilijua, mama. Neno moja lingetosha.

Mwanao,
Nura

Maskati, 19 Septemba 2025

Nura mwanangu,

Waaleikum salaam. Niko mzima. Ujumbe wako niliusoma siku ile ile ulipofika. Ijumaa iliyofuata nikakaa na simu saa nzima, nikairudisha bila kuandika.

Nilijaribu kukukasirikia, nikashindwa. Nikajaribu kusema yamekwisha, hilo nalo limenishinda kwa sasa. Nivumilie.

Ila kuna jambo. Leo nimezungumza na ami yako. Anasema, "Shemeji, fundi yeyote wa Buyenzi angefanya vile. Hakuna aliyejua." Analirudia hilo kila tukizungumza, na ndilo linalomwamsha asubuhi aende kazini. Kwa hiyo asijue kwamba Chanelle alikuonya. Hata akikuuliza. Hata ukiwa mtu mzima, naye mzee, na ukaona umechoka kulibeba.

Ulinyamaza mbele yake siku ile. Sasa ni mimi ninayekuomba uendelee.

Kula vizuri.

Mama yako