Hapa Palikuwa Bahari

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa makumbusho kanipa vibao vitano vya njia ya mlimani. Niwaeleze watu mawe. Mimi! Miaka sita nabandika lebo kwenye makabati ya vioo, leo nimepewa mlima mzima. Cha kwanza nimekiandika bila kunyanyuka kitini: "Miamba hii ya chokaa imetokana na mashapo ya kibaharini..." Kimenona. Nimejisikia profesa.

Jumanne, 4 Machi
Nimemsomea shangazi, yuko kwenye cherehani. Hakuinua kichwa. Akauliza kama hiyo ni barua ya benki. Nikanuna.
"Haya, weka karatasi chini. Unataka kuniambia nini?"
"Kwamba hapa kwetu palikuwa bahari, shangazi. Yale mawe ni makombe ya chaza yaliyogandamana."
Cherehani ikanyamaza.
"Bahari? Huku juu? Sasa mwanangu, jambo kubwa hivyo unalificha la nini?"
Karatasi nimeichana. Uprofesa umedumu siku moja.

Alhamisi, 6 Machi
Mkuu hakupenda. Kibao kinachoanza "Hapa uliposimama palikuwa bahari" kwake ni tangazo la sabuni. Anaogopa wenzake wa chuo kikuu watamcheka. Nimebishana naye mpaka chai ikapoa — sijawahi! Mwisho tumekubaliana: vinne vyake, kwa lugha yake, kimoja changu. Changu kakitupa kwenye kona ya machimbo, njia ya wachimba mawe. Sawa. Na wao wana macho.

Jumamosi, 15 Machi
Vibao vimesimama. Asubuhi nzima nimezunguka, kofia usoni, kama mpelelezi. Cha pili cha mkuu: mtu katundika koti. Cha tatu: dada mmoja kajikagua meno kwenye mng'ao wake. Changu — watu wamejaa! Kuna mshale na maneno "Weka kidole hapa", na pale pana kombe ndani ya mwamba. Wote wanaweka. Bibi mmoja kakinusa kidole, akamwambia mumewe chumvi imeisha.

Jumatano, 19 Machi
Mkuu kaenda kujionea. Karudi na vumbi jeupe kwenye kidole cha shahada. Hakusema nimeshinda. Kasema vile vinne viandikwe upya, nianze leo. Nimetoka ofisini kwake taratibu, kwa adabu. Kufika kwenye ngazi, nimeruka vidato vitatu kwa mpigo. Shangazi anadai jina lake liwekwe chini ya kila kibao. Hatanii.

Ijumaa, 21 Machi
Saa nne asubuhi, simu ya ofisi. Mwendesha tingatinga wa machimboni, yule wanayemwita Radi kwa kuwa hajui kusema polepole. Leo ananong'ona. Jiwe limepasuka mbele ya mashine yake, ndani kuna uti wa mgongo, pingili kwa pingili, mrefu kuliko mlango. Kazima injini, ufunguo kautia mfukoni. Mwenye machimbo anafoka, malori yanasubiri. Wachimbaji wamelizunguka jiwe, hawabanduki.
Nimemwuliza kilichomfanya asimame.
"Dada, kila siku napita pale kibaoni. Huyu ni samaki wetu. Njoo upesi, bosi nitamzuia mimi."
Mkuu — mkuu mwenyewe! — yuko garini, anapiga honi. Naandika huku navaa viatu. Kimoja tayari, cha pili nimekiweka sikioni badala ya simu —