Nilipompeleka Nzioka Kuchagua Darubini

Alhamisi, Ikutha. Jua limewaka tangu asubuhi na upepo hauleti kitu ila vumbi. Shajara yangu, leo sisikii chochote. Si huzuni, si furaha. Unajua vile mguu hufa ganzi ukiukalia? Sasa ni mtu mzima amekufa ganzi, kuanzia kofia.

Mwende, binti yangu aliyeolewa Nunguni, ndiye alinifungulia hii blogu kwa simu. Nafikiri alitaka nipate kazi ya kufanya niache kumsumbua mama yake. Mimi shule niliiacha darasa la nne, na mwalimu hakulia. Kwa hivyo msinisahihishe.

Jana nilienda Kitui mjini kununua darubini ya kikundi. Kikundi chetu kinalinda mashamba: ndovu wakitoka mbugani, waonekane mapema, watu watoe watoto njiani. Mimi ndiye mwangalizi mkuu. Nilichaguliwa kwa sababu ati rekodi yangu ni safi.

Wacha nicheke kidogo.

Babu yangu aliwinda akaitwa mwanaume. Baba yangu akaambiwa atafute leseni, hakuiona hata kwa ndoto, akawinda hivyo hivyo. Mimi nikawinda nikaitwa jangili. Leo naitwa skauti, mlinzi wa wanyama, nina jaketi na buti, na redioni wanasema sheria inaandikwa tena. Digidigi hawajabadilika hata kidogo. Ni sisi tunabadilishwa majina.

Nilienda na Nzioka, rafiki yangu tangu tukichunga mbuzi. Sikumpeleka kwa mapenzi. Nilimpeleka kwa sababu mimi sijui kuangalia. Tulipokuwa tukiwinda, yeye alikuwa jicho, mimi mkono. Nzioka alikuwa anaona sikio la mnyama ndani ya kichaka chote, ananionyesha kwa kidevu, mimi navuta upinde. Miaka yote hiyo watu wakanisifu mimi.

Mwenye duka ni mama Mwislamu, anaongea Kiswahili cha pwani mpaka nikaona haya kwa hiki changu. Alitutolea tatu. Moja ni ile ya kufunga juu ya bunduki. Nikaishika kidogo, mkono ukakumbuka mambo. Lakini afisa wa wanyamapori alishatukataza. Ukipatikana nayo, swali la kwanza ni bunduki iko wapi. Ya pili kubwa, nzito, ati inaleta mwezi mpaka mlangoni. Hiyo ndiyo niliitaka.

Nzioka akaniambia niishike niangalie mnara ulio mbali. Mnara ukacheza kama mlevi.

"Mikono yako imezeeka, Baba Mwende," akasema. "Hii itakuza kutetemeka kwako."

Mama wa duka akacheka mpaka akajifunika na mtandio.

Nzioka akachukua ile ya tatu, ndogo, ya kukuza mara nane. Mimi nilifikiri ataangalia mbali. Hapana. Alisimama mlangoni akaangalia chini ya gari lililoegeshwa upande ule mwingine, kwenye kivuli. Akasema kwa jua kila darubini ni nzuri, mnyama anakaa gizani. Akakaa hapo muda, kisha akasema kuna paka mwenye sikio moja. Nikavuka barabara kwenda kuinama. Paka alikuwa pale, sikio moja.

Halafu akanivalisha shingoni. Akazungusha kile kipete cha jicho la kulia, polepole, akiniuliza sasa vipi, na sasa, mpaka ikakubali macho yangu. Macho yangu, si yake.

Hapo ndipo ganzi ilianza.

Shajara, hii sijaandika popote. Siku ile ya mwisho tuliyowinda nilipiga digidigi, na sheria yetu ilikuwa aliyeona ndiye anabeba. Sheria hiyo niliitunga mimi, kwa uvivu. Nzioka akabeba begani. Mimi nikaingia kichakani kujisaidia. Askari wa wanyama wakamkuta njiani. Nilikuwa nimechuchumaa, suruali kwa magoti, hatua labda thelathini. Nilisikia wakimuuliza yuko na nani.

"Niko peke yangu," akasema.

Nikaendelea kuchuchumaa. Hata mbu nilimwacha aninyonye.

Alifungwa mwaka na nusu. Nililima shamba lake misimu yote, na alipotoka akanishukuru. Akanishukuru, mnasikia? Mpaka leo hajataja ile siku, na mimi nimekuwa hodari sana wa kuzungumza mambo mengine.

Sasa kwenye fomu ya uskauti kulikuwa na swali: umewahi kuwinda mnyama wa porini? Nzioka aliandika ndiyo, akaongeza na kifungo chake. Wakamkata jina. Mimi niliandika hapana, kwa hati nzuri kuliko yote niliyowahi kuandika.

Tukirudi alinifundisha kazi njia nzima. Nisitafute ndovu, nitafute mti unaotikisika na mingine imetulia. Nisiangalie sana, macho huchoka yakaanza kuniongopea. Nilikuwa naitikia tu. Leo asubuhi nikapanda juu ya jiwe kujaribu. Niliangalia pori lote. Niliona pori.

Chini ya lile jiwe kuna nyumba kumi na moja zenye watoto.

Kesho saa nne natakiwa ofisini kutia sahihi nipewe ulinzi wa msimu. Nitaomba ile fomu yangu, nikate hapana, niandike ndiyo, na niandike pia nani alipiga na nani alibeba. Labda watanikata jina. Labda watatukataa wote wawili. Labda afisa ataona jicho ni jicho, amchukue Nzioka. Sijui, na bado sisikii kitu.

Nzioka sitamwambia kwanza. Nikimwambia atanikataza, na mimi nitamtii upesi sana.